Mshonaji Aliyeitwa Mimi

Filamu ninayotaka kuizungumzia leo ina umri wa yapata miaka mia moja, haina sauti, na imetengenezwa mbali kabisa na sisi. Inaitwa La Bohème. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani iliitoa mwaka 1926, mwongozaji akiwa King Vidor, na hadithi yake imewekwa Paris ya mwaka 1830. Vijana wanne, mmoja mtunzi wa tamthilia, mwingine mchoraji, wa tatu mwanamuziki na wa nne mwanafalsafa, wanaishi katika vyumba vya darini vya jengo moja kuukuu. Jirani yao ni msichana yatima anayejikimu kwa kushona na kutarizi. Mtunzi wa tamthilia, Rodolphe, anampenda, na msichana naye anampenda. Hatimaye msichana anakufa kwa ugonjwa wa mapafu. Kwa muhtasari huo, msomaji ana haki ya kuuliza ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha aketi kuandika juu ya machozi ya namna hiyo.

Jibu langu ni kodi ya pango.

Filamu nyingi za mapenzi hujifanya kana kwamba wapenzi hawali, hawana mahali pa kulala, wala hawadaiwi na mtu. Hii inaanza na deni. Siku ya kodi imefika, mwenye nyumba anataka fedha yake, na wasanii wetu hawana kitu. Katika chumba cha jirani, msichana naye hana. Anakusanya vitu vyake vichache, anashuka ngazi kwenda duka la rehani, na kurudi na visenti visivyotosha. Nilipoionesha filamu hii kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili jioni moja baada ya vipindi, darasa lilikuwa linacheka bado kwa sababu ya mavazi na mwendo wa haraka wa watu wa kale. Lilipofika hapo likanyamaza. Kisha kijana mmoja anayepanga Sinza akanong'ona kwa sauti iliyowafikia wote: "Huyo ana nafuu, hadaiwi miezi sita kwa mpigo." Tangu dakika ile sikuhitaji kuwaeleza kwa nini tunaitazama.

Mambo makubwa ya hadithi hii yanatendeka kwa siri, na naomba msomaji anivumilie niyaeleze kwa utaratibu, maana humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Rodolphe anaandika tamthilia kubwa ya maisha yake, lakini chakula chake kinatoka katika vijimakala anavyoliandikia gazeti la wapenda paka na mbwa. Anaidharau kazi hiyo, kama wengi wetu tunavyozidharau kazi zinazotulisha. Akili yake ikiwa kwenye tamthilia, makala zinachelewa. Siku moja msichana ndiye anayezipeleka kwa mhariri, na ndiye anayepokea habari kwamba Rodolphe amefukuzwa kazi. Anarudi nyumbani na kunyamaza. Kuanzia hapo, kila usiku Rodolphe anapodhani kwamba mpenzi wake amelala, yeye anashona kwa mwanga wa mshumaa, na kile anachokipata anamkabidhi mtunzi wake kana kwamba ni malipo yaliyotoka kwa mhariri. Tamthilia inaandikwa. Rodolphe anajiona mtu anayeishi kwa kalamu yake. Ukweli ni kwamba anaishi kwa sindano ya mtu mwingine, na hajui.

Msichana anayashona mapafu yake humohumo. Usiku baada ya usiku kikohozi kinamwingia. Kisha anatokea kabaila, Vicomte Paul, anayejifanya mteja wa kazi za kutarizi na ambaye macho yake yako kwenye mtarizi mwenyewe. Ana njia za kuwafikia wakubwa wa jumba la maonesho. Msichana anakubali kutoka naye jioni moja kwa nguo za kuazima, kwa matumaini kwamba tamthilia ya Rodolphe itapata msomaji mwenye uwezo. Watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu mnamjua mtu wa aina ya Vicomte. Hana cheo katika ofisi, lakini bila yeye jalada halitoki juu ya meza. Rodolphe anapogundua kwamba alikwisha kufukuzwa zamani, anafikiri kwa namna ambayo wanaume wengi wangefikiri: kama fedha haikutoka kwa mhariri, basi imetoka kwa kabaila. Ghadhabu yake inatisha. Anapokuja kuuelewa ukweli na kukimbia kumtafuta daktari, msichana anatoweka ili asiwe mzigo, akaenda kufanya kazi katika mitaa duni kabisa ya jiji. Rodolphe anamtafuta asimpate. Huzuni yake inageuka tamthilia mpya, na tamthilia hiyo inapata sifa kubwa.

Tazameni hesabu ilivyokaa. Alipokuwepo, kazi yake ililisha sanaa. Alipoondoka, kutokuwepo kwake kukailisha pia.

Jina la msichana huyu ni Mimi. Kwa Mfaransa ni jina la kubembelezea tu, la kumwita mtoto au mpenzi. Kwa sisi ni balaa la sarufi. Nilipokuwa nikiwasimulia wanafunzi sehemu tulizoziruka kwa kukosa muda, nikisema "Mimi anaumwa", "Mimi hana kodi", "Mimi amemwacha Rodolphe", binti mmoja aliinua mkono na kuuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, ni wewe au ni yeye?" Tukacheka sana. Lakini niliondoka darasani na swali lile. Huyu ni mtu anayeitwa kwa neno ambalo kila mmoja wetu hulitumia kujitaja, na katika filamu nzima hajitaji. Hasemi: mimi ndiye niliyelipa. Hasemi: mimi ndiye niliyekesha. Angelisema mapema, hadithi ingekwisha katikati, na pengine yeye angeendelea kuishi.

Hadithi yenyewe ni ya zamani kuliko filamu. Mwandishi wake wa kwanza ni Henri Murger, aliyezaliwa Paris mwaka 1822, mtoto wa fundi cherehani aliyekuwa pia mtunza mlango wa jengo la wapangaji. Yaani mtu huyu alikulia katika uzi na vitambaa, akisikiliza wapangaji wakishindana na kodi. Alianza kuchapisha visa vyake gazetini katika miaka ya 1840, vikaoneshwa jukwaani mwaka 1849, na vikatoka kama kitabu mwaka 1851. Wasanii maskini wa namna yake waliitwa watu wa Bohemia, jina ambalo Wafaransa walikuwa wamewabandika watu wa kuhamahama waliodhaniwa kuwa wametoka huko. Murger aliyajua maisha hayo kwa ndani, na alikufa mwaka 1861 akiwa na miaka 38.

Kitabu chake ni kikali kuliko vyote vilivyofuata. Humo Mimi hafii mikononi mwa mpenzi wake. Anafia hospitalini. Rodolphe anapewa taarifa ya makosa kwamba amekwisha kufa, kwa hiyo haendi kumtazama. Baada ya siku kadhaa inajulikana kwamba alikuwa hai, amehamishwa kitanda tu, akimngoja. Anapofika, kweli amekufa, na mwili umekwisha kuondolewa pamoja na miili ya watu wasio na ndugu. Kisha Murger anatuonesha marafiki wale mwaka mmoja baadaye: wamefanikiwa, wana nguo nzuri, wanakula vizuri na kuukumbuka ujana wao. Sijui ukurasa mwingine unaonichoma kama huo. Murger hakuwalaani, aliwaacha tu wale.

Puccini alipoitungia opera hadithi hii, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Turin, Italia, tarehe 1 Februari 1896, aliondoa hospitali na kumrudisha Mimi chumbani afe katikati ya marafiki na muziki mtamu. Siwezi kumlaumu mtu aliyetunga muziki ule. Lakini katika opera Mimi ni mtarizi wa maua ambaye kazi yake inatajwa na kusahauliwa. Hakuna mahali inapoonekana kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomlisha mshairi. Siri ya usiku, ile ya fedha zinazodaiwa kutoka kwa mhariri, ni ya filamu. Hollywood, mji tuliouzoea kwa kupaka sukari kila kitu, ndio uliothubutu kuuliza nani alilipa. Na uliuliza bila muziki wa Puccini, kwa kuwa kampuni haikuwa na ruhusa ya kuutumia. William Axt akaandaa muziki mwingine wa kupigwa ukumbini.

Naamini ububu wa filamu ulisaidia. Mwimbaji wa opera lazima aimbe, na mtu hawezi kuimba huku akishona kwa dhati. Mikono yake lazima ipumzike ili kifua kifanye kazi. Katika filamu bubu hakuna anayemngoja Mimi aseme neno. Maandishi yanapita kwenye skrini, machache, kisha tunabaki na mikono. Lillian Gish, aliyeigiza nafasi hiyo, alikuwa na mikono midogo isiyotulia, na Vidor anaiacha ifanye kazi mbele yetu muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji. Ninawaambia wanafunzi kwamba katika filamu hii wasitazame nyuso. John Gilbert, aliyeigiza kama Rodolphe, ana uso wa kupendeza na anautumia kupita kiasi. Kuna nyakati anarusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Watazameni wanaofanya kazi.

Hapa niseme habari za Gish mwenyewe, kwani nazo ni habari za kazi na malipo. Alipofika MGM hakuwa msichana wa kuokotwa. Alikuwa ameigiza tangu utotoni, na mkataba wake ulitangazwa kuwa wa dola 800,000 kwa filamu sita katika miaka miwili. Alikuwa na sauti katika kuchagua hadithi na watu. Alioneshwa sehemu za The Big Parade, filamu ya vita ambayo Vidor alikuwa akiikamilisha, akasema anamtaka mwongozaji huyo pamoja na waigizaji wake wawili wakuu, Gilbert na Renée Adorée. Akapewa. Msanifu mavazi Erté, aliyekuwa mashuhuri Paris, alimchorea nguo za umaskini za kitambaa cha pamba, Gish akazikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba hariri iliyochakaa huonekana maskini zaidi mbele ya kamera kuliko pamba mpya. Alitaka pia wapenzi wasioneshwe wakikumbatiana, ili hamu ibaki kwa mtazamaji. Katika hilo kampuni ilimshinda, na matukio ya mapenzi yakapigwa upya.

Kwa tukio la kifo alijiandaa kwa namna ambayo nisingempendekezea mwanafunzi yeyote wa sanaa za maonesho. Vidor anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba Gish alifika siku hiyo macho yamezama, midomo imekauka, akiwa amekaa siku tatu bila kunywa kitu. Kamera ilipozunguka aliizuia pumzi kiasi kwamba mwongozaji aliingiwa na hofu kuwa mwigizaji wake amekufa kweli, akashindwa kusema neno la kusimamisha upigaji. Kabla ya hapo kuna safari ya Mimi kurudi kwa Rodolphe, akijikokota kuvuka jiji zima, akidandia na kuning'inia nyuma ya magari ya farasi, akiburutwa juu ya mawe. Ni safari ndefu mno na ya kikatili, na baadhi ya wanafunzi waliiona imetiwa chumvi. Mimi (na hapa ni mimi kweli) sikuiona hivyo. Nimewahi kumwona mgonjwa akisafirishwa kwenda hospitali kwa bodaboda, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva.

Lakini Gish aliamka, akanywa maji, akaishi hadi mwaka 1993, akafariki akiwa na miaka 99. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya mwanamke mwingine aliyemo katika filamu hiyohiyo. Musette, jirani mchangamfu, mwenye afya, anayecheka na kuazimisha, aliigizwa na Renée Adorée. Huyu alizaliwa Lille, Ufaransa, katika familia ya watu wa sarakasi. Katika La Bohème yeye ndiye mwenye damu mwilini. Amewekwa pale ili weupe wa Mimi uonekane. Miaka michache baadaye kifua kikuu kilimshika Adorée, kikamkatisha kazi, na mwaka 1933 kikamuua, akiwa na miaka 35 tu. Ukijua hilo huwezi tena kuyatazama matukio yake kwa wepesi. Kila anapocheka, unatazama kifua chake.

Robert Koch alikuwa ametangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1933 watu walijua vizuri ugonjwa unatoka wapi. Dawa ya kuuponya haikuwepo hadi streptomycin ilipogunduliwa katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo dawa ilikuwa kupumzika, kula vizuri na hewa safi, yaani vitu vitatu ambavyo mshonaji wa usiku hawezi kuvinunua. Kwa karne nzima Ulaya iliuimba ugonjwa huu kama ugonjwa wa wenye roho nyororo, wa washairi na wapenzi. Waliokuwa wakifa nao kwa wingi walikuwa mafundi, vibarua na washonaji katika vyumba visivyo na madirisha. Huku kwetu leo dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma, na bado wanaougua kwa wingi ni wale wanaolala watano katika chumba kimoja.

Nikiri kwamba mvuto wa filamu hii kwangu una sababu ya karibu zaidi. Baba yangu alikuwa mpiga gitaa wa solo katika bendi ya muziki wa dansi mjini Morogoro. Mwezi mwingine mshahara ulikuja, mwezi mwingine haukuja, na hata ulipokuja ulikuwa umepitia sehemu mbili tatu kabla ya kufika nyumbani. Mama alikuwa na cherehani ya miguu. Kila Desemba na Januari alishona sare za shule, kaptura za kaki na mashati meupe, hadi usiku wa manane, kwa mwanga wa chemli. Sisi watoto tulijifunza kulala katika mlio ule. Ulipokoma ghafla ndipo tulipoamka. Mama naye hakusema. Baba alipotoka kazini alfajiri na kukuta chai na kiporo cha wali mezani, aliamini, nadhani kwa moyo mweupe, kwamba gitaa lake ndilo lililoviweka pale.

Alipofariki, watu walikuja kutoka Dar es Salaam na Dodoma. Wasifu wa marehemu ulisomwa, ukataja nyimbo zake moja baada ya nyingine, na wazee waliokuwepo wakatikisa vichwa kwa kumbukumbu. Ulikuwa wasifu wa kweli. Alikuwa mpigaji hodari. Mama aliingia katika sentensi ya mwisho: ameacha mjane na watoto sita. Baadaye, tulipokuwa tukipanga vitu, nililiona daftari lake la mistari. Majina ya wazazi wa wanafunzi, idadi ya kaptura, fedha iliyolipwa na iliyobaki. Pembezoni, kwa mwandiko uleule, matumizi: mafuta ya taa, unga, ada, na katika kurasa kadhaa, nyuzi za gitaa.

Nyuzi za gitaa. Alizinunua kwa kaptura za kaki.

Nimekuwa nikialikwa mara kwa mara kupitia maombi ya ruzuku na mikopo ya wasanii. Fomu hizo zina mahali pa jina la msanii, kazi alizozitoa, tuzo, dhamana, na makadirio ya mapato. Sijawahi kuona mahali palipoulizwa: katika miaka hii mitano, nani amekulisha? Naweza kuwazia jibu la mwenye fomu, kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba na serikali haiingii chumbani kwa watu. Mbona mtoza ushuru anaingia, na mwenye nyumba anaingia, na mkopeshaji wa mtaani anaingia hadi jikoni kuchukua jiko la gesi? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwa hatua kubwa. Ilisema wazi kwamba jasho la mtunzi ni mali. Inamjua mtunzi, mwigizaji na mtayarishaji. Mshonaji haimjui, na sidhani kwamba sheria ya aina ile inaweza kumjua. Hilo lingehitaji mambo mengine yasiyo na mvuto wa kuandikwa katika ilani: bima ya afya inayomfuata mtu asiye na mwajiri, kodi ya pango inayolipwa kwa mwezi, malipo ya msanii yanayofika siku iliyoahidiwa ili mtu mwingine asilazimike kuyaziba kwa usiku wake.

Wapo wenzangu wanaharakati waliosoma rasimu ya andiko hili na kuniambia kwamba Mimi ni mfano mbaya, kwamba kumsifu ni kusifu ukimya wa mwanamke anayejimaliza. Wana hoja. Filamu inampenda Mimi zaidi kwa kadiri anavyodhoofika, na hilo linanikera hata mimi. Kuna picha ambamo Vidor anamzungushia mwanga kama mtakatifu kanisani. Hata hivyo, kazi ya sanaa inaweza kujua zaidi ya kile inachokipamba. Nenda kwenye lile tukio ambalo Mimi anampa Rodolphe fedha za uongo. Rodolphe anazipokea kwa furaha, hata hazitazami vizuri, anarudi kwenye karatasi zake. Kamera inabaki kwa Mimi. Hapo hakuna mtakatifu. Kuna mtu aliyechoka anayehesabu saa zilizobaki kabla ya kupambazuka.

Kwa wanafunzi watakaouliza: tangu Januari 2022 filamu hii ni mali ya umma nchini Marekani, kwa hiyo ipo mtandaoni na hamtamwibia mtu. Na ukiwa mtumishi wa ofisini, tafuta pia The Crowd, ambayo Vidor huyohuyo aliitoa mwaka 1928, juu ya karani mmoja wa New York katika ukumbi wenye meza zisizohesabika. Utajiona humo, na hutapenda.

Likizo iliyopita niliichukua La Bohème kwenye kompyuta na kwenda nayo Morogoro. Mama sasa ana miaka 81. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo maandishi nilimsomea kwa Kiswahili yalipotokea, lakini baada ya robo saa alinikataza, alisema namchanganya. Alitazama kimya. Rodolphe alipokuwa akiruka na kucheka na Mimi msituni, aliniuliza kama huyo kijana hana kazi. Ilipofika sehemu ya kushona usiku akasogea karibu na skrini.

"Mshumaa kauweka upande mbaya," akasema. "Ataharibu macho kabla ya kifua."

Kisha akataka kujua ile nguo ni kitambaa gani. Nikamwambia ni hariri iliyochakaa, nikamsimulia habari ya Gish na Erté. Alikubaliana na Gish papo hapo. Pamba mpya, alisema, hata mwendawazimu ataijua kwamba ni mpya. Haikunji kama nguo iliyovaliwa. Nilitaka kusogeza mbele, kwa kuwa nilijua kinachofuata na sikuwa na hakika kama napenda akitazame. Akanishika mkono.

"Rudisha pale anaposhona."

Nikarudisha. Akatazama mara ya pili, akahesabu kitu kwa midomo bila sauti. Kisha akasema inatosha, tutamalizia kesho, na akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, kwa kuwa vifungo viwili vya shati langu alikuwa ameviona tangu nilipoingia na sasa hivi macho yake hayalioni tundu.